Siku Wodi Ilipoacha Kunuka

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungwa macho kwa kitambaa cha jikoni. Aliyenifunga alikuwa Chef Hygiéniste wa hospitali ya Bukavu, yaani mkubwa wa wote wanaosafisha, wanaochanganya dawa na wanaochoma taka. Jina lake lilikuwa Papa Mushagalusa. Mimi, Déo, nilikuwa kijana mwenye diploma mpya na shati lililopigwa pasi vizuri, nikitazamia kuonyeshwa meza yangu. Badala yake nilisimamishwa uani mbele ya ndoo tatu na kuambiwa niiname juu ya kila moja, ninuse, niseme ninachosikia.

Alikuwa amenieleza kwamba ndoo moja ina maji matupu, nyingine klorini hafifu ya kunawa mikono, na nyingine klorini kali ya sakafu. Nikainama juu ya ndoo ya kwanza, nikasema hafifu. Ya pili nikasema maji. Juu ya ile ya tatu nilivuta pumzi ndefu, nikakunja uso, nikasema hii ndiyo yenyewe, Chef, inachoma mpaka kwenye macho. Alinifungua kitambaa. Akachukua kikombe, akachota ndoo ya tatu, akanywa. Akachota ya pili na ya kwanza, akanywa pia. Zote tatu zilikuwa maji ya bomba.

«Umesikia kitu yenye haiko, juu ulitaka kunifurahisha,» aliniambia. «Hapa mugonjwa anaweza kufa juu ya ile furaha yako. Kama hausikie kitu, sema: sisikie kitu. Ile njo kazi.»

Nilicheka kwa aibu, yeye hakucheka. Nimefanya kazi ya usafi wa hospitali zaidi ya miaka thelathini, na ile sentensi niliibeba karibu safari nzima. Ninaandika hapa juu ya mahali nilipoiangusha, kwa sababu vijana wanaoingia kwenye kazi hii wananiita muzee wa pua na kunisifu, na sifa ile inanikaa vibaya.

Niwaeleze kwanza kwa nini pua. Klorini tuliyokuwa tunapokea ilikuwa ya unga, ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza. Kila asubuhi unachanganya upya: zéro zéro cinq, yaani 0,05, kwa mikono; zéro cinq, yaani 0,5, kwa sakafu na vitanda; deux pour cent, yaani mbili nzima, kwa matapishi na kwa maiti. Hizo ni asilimia, na ukizichanganya vibaya utamchubua mtu mikono au utamwachia vijidudu vyake vyote. Shida ni kwamba klorini inakufa kimya. Jua linaikula, joto linaikula, mfuniko ulioachwa wazi unaikula, na maji yanabaki meupe yaleyale. Vikaratasi vya kupimia nguvu yake vilikuwa adimu zama zile, na vikifika vinakwisha. Kwa hiyo Papa Mushagalusa alitufundisha kutoka nje, kupumua hewa safi mpaka pua isahau, kisha kurudi kunusa. Baada ya mwaka mmoja niliweza kutenganisha zéro zéro cinq na zéro cinq nikiwa nimesimama mlangoni.

Nilipelekwa Bunyakiri wakati wa kipindupindu. Tulikuwa na mahema, vitanda vyenye tundu katikati, na ndoo chini ya kila tundu. Mkubwa wangu pale alikuwa Médecin Chef de Zone, daktari mkuu wa eneo lile, mtu mfupi asiyekaa chini. Asubuhi moja pipa jipya lilifika, limefungwa vizuri, lina karatasi zake zote. Nilichanganya, nikanusa, nikamwambia Daktari kwamba hii imekufa. Alinitazama, akauliza nina ushahidi gani. Nikamwonyesha pua yangu. Alikasirika, lakini alikubali tumwage na kufungua pipa la akiba, na wiki moja baadaye ikajulikana kwamba lile pipa lilikuwa limekaa juani miezi mingi njiani. Tangu siku hiyo nilianza kuipenda pua yangu kupita kiasi. Ninasema hivyo bila kujificha.

Baada ya Bunyakiri nilikaa Miti, kwenye kituo cha afya, chini ya Infirmier Titulaire, ndiye muuguzi mkuu wa kituo. Yule alikuwa mpole na mchovu, na aliniachia kila kitu. Nilichimba mashimo ya taka, nikafundisha akina mama kunawa, nikazeeka kidogo. Papa Mushagalusa alipostaafu, Bukavu waliniita kuchukua nafasi yake. Alinikabidhi funguo za stoo na kile kitambaa cha jikoni, kimefuliwa, kimekunjwa mara nne.

Hakuacha kuwa mkubwa wangu. Alikuwa mjane, akikaa mlimani juu ya soko la Nyawera na binti yake Nabintu, anayeuza vitenge sokoni. Kila Jumapili baada ya misa nilipanda kwake, tukala, akaniuliza habari za stoo. Kama nimebadilisha mahali pa ndoo moja, alitaka kujua sababu.

Kisha corona ikaja. Mpaka wa Ruzizi ukafungwa, makanisa yakafungwa, na watu wakawa wanasema ni ugonjwa wa wazungu na wa wakubwa wa Kinshasa. Sisi wa hospitali tulikuwa tumelelewa na kipindupindu, na hapo ndipo tulipokosea mwanzoni. Kipindupindu kinakaa kwenye mikono, maji na sakafu. Tukaosha sakafu mara tatu kwa siku, tukanyunyizia viatu, tukanyunyizia hata magurudumu ya gari, na madirisha tukayafunga kwa sababu ya baridi ya ziwa. Kumbe ugonjwa huu unakaa kwenye pumzi. Mtu anaongea, anaimba, anakohoa, na kitu kinaelea katika chumba kilichofungwa, kinamngoja anayefuata. Tulikuwa tunakitafuta chini wakati kiko usawa wa mdomo.

Hospitali ilipungua watu. Wale waliokuwa na malaria, wenye mimba, watoto waliopaswa kuchanjwa surua, wote waliogopa kuja, wakisema anayeingia pale ameandikiwa corona. Mama mmoja jirani yangu alizaa nyumbani, akapoteza damu, akafa. Hakuwa na corona, na hakuna aliyemhesabu upande wowote. Nikipita asubuhi kwenye kibaraza cha wazazi, ambako zamani ungeruka miguu ya watu waliokaa chini, nilisikia viatu vyangu tu.

Nabintu aliniita pembeni siku za kwanza kabisa. Alisema baba yake ana kifua kibovu tangu miaka ya klorini, na kwamba mimi ndiye mtu pekee anayetoka kwa wagonjwa na kuja kwao. Aliniomba nisilete kitu kile nyumbani. Nilimwapia. Kuanzia pale nilisimama uani, mbali na mlango, nikiwa na barakoa, ambayo sisi tunaiita cache-nez, na nguo nilizobadilisha. Papa Mushagalusa, Muzee wetu, alikaa ndani dirishani. Tuliongea hivyo wiki nyingi, na nilijivunia nidhamu yangu.

Sasa nifike kwenye Jumanne ile.

Niliingia wodi ya corona asubuhi na kusimama mlangoni. Kila wodi ina harufu yake, hata ukiisafisha namna gani: mkojo, jasho, uji, dawa, na chini yake kitu kitamu cha mwili unaoumwa. Asubuhi ile hapakuwa na kitu. Vitanda vilikuwa palepale. Chini ya kitanda cha tatu palikuwa na beseni la matapishi, nililiona kwa macho. Mtu alikuwa amejisaidia kwenye shuka karibu na dirisha. Na hewa ilikuwa tupu. Nilivuta pumzi tena, polepole, kama nilivyofundishwa. Tupu.

Nikadhani tumeshinda. Ndivyo nilivyodhani, mimi, Chef Hygiéniste. Nilijiambia kwamba baada ya miaka yote, hatimaye nimesafisha wodi mpaka haina harufu. Nilikwenda kumwambia Médecin Directeur, mkubwa wa hospitali, naye akanipongeza mbele ya wauguzi.

Siku hiyohiyo nilipita Nyawera, katikati ya akina mama wa sambaza waliotandaza samaki wao juani. Hakuna kitu. Mvua ilinyesha kwenye vumbi, nikasimama kungojea ile harufu ambayo kila mtu anaijua, haikuja. Nyumbani nilimwambia mke wangu amesahau chumvi. Alionja chakula, akanitazama, akaonja tena, akasema chumvi ipo. Nilipolala karibu naye nilihisi joto lake na kusikia pumzi zake, lakini yeye mwenyewe hakuwepo. Sijui namna bora ya kulieleza. Miaka mingi nimekuwa nikijua kwamba amelala kando yangu kabla sijafungua macho, na sasa palikuwa na umbo tu. Niligeukia ukutani nikiwa na hofu ambayo sikuipa jina.

Jumatano alasiri nilipanda kwa Muzee. Alikuwa ameweka sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa, moto umewaka, maji yanatokota na majani ya mikaratusi. Mji mzima ulikuwa unajifukiza siku zile: sufuria ya moto, blanketi juu ya vichwa, watu wawili au watatu pamoja, kwa sababu mtu hajifukizi peke yake kama mchawi. Muzee alisema kupitia dirisha kwamba amechoka kuniona nikirudi kutoka kwa wagonjwa bila mtu wa kunifukiza. Alitaka niingie tujifukize pamoja. Nabintu alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu.

«Papa Déo, uko safi?» aliniuliza.

«Wodi iko safi,» nilimjibu. «Hata harufu hakuna.»

Akaniamini. Akatoa mkono kwenye fremu, nikapita.

Tulikaa kwenye vigoda viwili, vichwa vyetu vimekaribia kugusana, blanketi la sufu limetufunika mpaka chini. Kulikuwa na giza na joto. Mvuke ulinichoma macho na jasho likanitiririka. Alivuta pumzi, nikavuta pumzi, na nilichovuta mimi hakikuwa na chochote ndani. Alikuwa anasifu mikaratusi ya Kabare jinsi inavyofungua kifua, nami nikaitikia. Tulikaa mpaka maji yakapoa.

Alhamisi asubuhi Médecin Directeur aliita mkutano wa wakubwa wote wa huduma. Alisema wenzake wa mbali wamemwandikia juu ya dalili moja mpya. Maneno yake niliyaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, ninayo mpaka leo.

«Kuko bagonjwa benye hawana homa, hawakohoe, banatembea tu. Kitu moja: pua inakufa. Mutu wa vile anaambukiza sawa na mwenye iko kitandani.»

Mkutano ulipokwisha nilikwenda stoo, nikafunga mlango, nikafungua pipa la klorini. Pipa lile ukilifungua ghafla unarudi nyuma hatua mbili. Nilipeleka uso wangu mpaka kwenye unga. Macho yakajaa machozi. Koo likabana, nikakohoa. Na puani kimya. Nilisimama pale machozi yakinidondokea kwenye koti, nikasema kwa sauti, peke yangu, kwamba pipa hili limezeeka.

Jamani, nisikilizeni vizuri hapa. Mtu wa kawaida angesema pua yangu imekufa. Mimi nilikuwa mtu wa pua, na mtu wa pua akikosa harufu analaumu pipa. Bunyakiri ilikuwa imenifundisha hivyo. Nikaongeza unga mara mbili. Bado sikusikia kitu, nikaongeza mara tatu. Alasiri wauguzi walikuwa wanakohoa kwenye kibaraza na macho mekundu, na mama mmoja wa usafi alikuja kunionyesha vidole vyake vilivyochubuka. Nilimwambia avae glavu.

Kisha nikapanda kwa Muzee, nikaingia chini ya blanketi lile. Ijumaa pia. Watu wengine wakinifariji wanasema hukujua, Papa Déo. Jumatano sikujua. Alhamisi nilikuwa na maneno ya Daktari mfukoni, yameandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, na nilikwenda. Sikutaka kuwa mtu asiye na pua. Basi.

Jumamosi Nabintu alikuwa sokoni. Muzee na mimi tulikaa sebuleni, yeye akiwa amejikunyata kidogo, akisema kifua chake kimechoka leo, tusijifukize. Jikoni maharagi yalikuwa motoni. Tuliongea muda mrefu. Nilimwona akiacha kuongea, akinitazama usoni, akingojea kitu. Sikuelewa anangojea nini. Mwishowe aliinuka polepole, akaenda jikoni, akarudi na sufuria ambayo chini yake ilikuwa nyeusi tii, moshi ukitoka. Aliiweka mezani mbele yangu. Nilisema pole, Papa, tumesahau. Alikaa chini.

Jumapili niliporudi mbabula ilikuwa tayari imewaka. Alisema leo nijifukize peke yangu, yeye atakaa kando. Alinifunika blanketi kwa mikono yake, akaliweka sawa mabegani kama unavyomfunika mgonjwa. Nilikuwa tena gizani, mvuke ukinipiga usoni. Nilisikia kiti chake kikiburuzwa mbali, mpaka ng'ambo ya chumba. Nilisikia pumzi zake, fupi. Muda ukapita.

«Déo, mikaratusi iko kali?» sauti yake ilikuja kutoka mbali.

«Iko kali, Papa,» nilijibu. «Inafika mpaka kwenye macho.»

Nilisikia kiti chake kikilia chini yake.

«Sikuweka majani,» alisema.

Sikutoka chini ya blanketi mara moja. Nilinyoosha mkono kwenye sufuria, nikachovya vidole kwenye maji ya moto, nikatafuta jani hata moja. Yalikuwa maji ya bomba. Nimeona maiti nyingi katika kazi yangu na nimezinyunyizia kwa mkono huu, lakini hofu ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya chini ya blanketi, nikiwa mzee mzima, vidole ndani ya maji matupu, na mwalimu wangu ng'ambo ya chumba akipumua vibaya.

Jumatatu walituchukua sampuli wote wawili, kijiti kirefu kinachoingizwa puani mpaka unadhani kinagusa ubongo. Wote wawili tulikuwa nayo. Nabintu hakuwa nayo, wala mke wangu, na sijui kwa nini, ugonjwa huu unachagua kwa namna yake. Médecin Directeur aliniuliza kama nimewakaribia watu nje ya kazi. Nikamwambia Papa Mushagalusa. Hakunigombeza. Alitulaza kwenye wodi ileile niliyoisifu, vitanda viwili vinavyotazamana, na kitu cha kwanza alichoamuru ni madirisha yafunguliwe.

Mimi sikuumwa sana. Muzee aliumwa kwa namna ambayo bado inanitatiza. Muuguzi alimbana kidoleni kifaa kidogo kinachosoma hewa iliyomo ndani ya damu, akatazama namba, akakitoa, akaleta kingine akidhani cha kwanza kimeharibika. Namba ikawa ileile. Mtu mwenye namba ile, Daktari alituambia baadaye, angetakiwa awe anatapatapa. Muzee alikuwa amekaa, mito mgongoni, anasimulia jinsi walivyojenga tanuri la kuchomea taka. Kucha zake zilikuwa na rangi ya wino. Daktari alieleza kwamba ugonjwa huu unaweza kuiba hewa taratibu bila mwili kupiga kelele, na mtu anaendelea kuzungumza huku anazama. Chupa za oksijeni zilikuwa chache, walimpa waliyokuwa nayo.

Nabintu alikuja kila siku kusimama nje, ng'ambo ya kamba ya mpaka, akiwa na chakula asichoruhusiwa kukileta mwenyewe. Siku moja alipiga kelele kwa baba yake kupitia dirisha. Alimwomba msamaha. Alisema ni yeye aliyeileta kutoka sokoni, mikono ya watu inayoshika vitenge, na kwamba alijua tangu mwanzo angepaswa kufunga biashara. Nilikuwa kitandani mita chache. Nilivuta shuka mpaka kidevuni.

Alipoondoka Muzee aligeuza kichwa kwangu.

«Umesikia yenye amesema?»

Nikasema nimesikia.

«Utamwambia.»

Nikasema nitamwambia. Alifunga macho kidogo. Alasiri ileile, jua bado liko juu ya ziwa na watu wanafua nguo uani, alinionyesha kwa kidole nisogee. Nilikwenda kukaa ukingoni mwa kitanda chake. Alikuwa na harufu, najua alikuwa nayo, sabuni ya mawese na mwili wa mzee anayeumwa. Kwangu alikuwa kama mtu aliye nyuma ya kioo.

«Déo, uko nasikia nini sasa?»

Nilivuta pumzi. Nilitaka sana kumpa kitu.

«Sisikie kitu, Papa.»

«Aksanti,» alisema. «Leo njo umejibu muzuri.»

Hakusema tena neno ninaloweza kuliandika. Alikufa kabla ya chai ya saa kumi. Kwa kuwa nilikuwa tayari ndani ya eneo la wagonjwa, Daktari aliniruhusu kuchanganya mimi mwenyewe ile deux pour cent ya mwisho. Nilimwomba muuguzi aniletee vikaratasi vya kupimia. Boksi zima lilikuwa limefika na misaada ya corona, na mimi ndiye niliyelitupa rafu ya juu kabisa bila kulifungua, kwa sababu nilikuwa na pua. Nilichovya kikaratasi, nikangoja, kikageuka rangi iliyotakiwa. Nikanyunyizia mfuko alimolazwa. Sikusikia chochote, na kazi ilikuwa imefanywa sawasawa.

Nilipona. Nilirudi kazini, nikafuta darasa la ndoo na kitambaa, nikaweka vikaratasi kwenye kila stoo na madirisha wazi kwenye kila wodi. Wauguzi walinisifu, wakubwa walinisifu. Kwa Nabintu sikwenda. Kila wiki nilikuwa na sababu: matanga hayajakwisha, kesho mvua, soko limejaa watu. Alinisalimia njiani kwa heshima, Papa Déo, akiwa amekonda, na niliambiwa kwamba hajifukizi, hapokei watu, na amehamishia vitenge kwenye kibanda nje ya soko ili asiguswe na wateja. Nilijua hayo yote. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi mpaka siku ya kustaafu, na waliposoma hotuba juu ya uaminifu wangu nilitazama sakafu.

Kesho yake niliteremka Nyawera. Nilimkuta amekaa nyuma ya vitenge vyake. Nilimwambia siku aliyoniuliza mlangoni, nikamwambia nilichojibu, nikamwambia kuhusu Alhamisi na daftari langu. Nilimwambia pia kwamba baba yake alikuwa ameniagiza nimwambie, na nimekaa na agizo lile miaka yote hii. Alisikiliza huku anakunja kitenge kimoja, anakikunjua, anakikunja tena.

«Kumbe haikuwa mimi,» alisema.

Alilia bila kuficha uso. Mteja akaja, Nabintu akamwuzia pande mbili, akarudisha chenji, akaendelea kulia. Kisha aliniambia nisipande kwao kwa sasa. Mke wangu anaweza kuja kusalimia, yeye hana neno, lakini mimi nisije, na akitaka nije ataniambia. Nikasema sawa, mwanangu. Bado hajaniambia, na sina haki ya kumharakisha.

Mkiniuliza, ninyi vijana, nimejifunza nini kwenye kazi hii, nitawaambia msiamini pua. Pimeni. Fungueni madirisha. Na siku mtakapoona kila kitu kimekuwa safi ghafla, jipimeni ninyi kwanza.

Pua yangu ilirudi nusunusu. Kahawa ilirudi na harufu ya mpira unaoungua, sambaza hawakurudi, klorini haikurudi kamwe. Lakini asubuhi zingine, saa ileile niliyokuwa nachanganya ndoo, chumba kinajaa harufu moja kali, ya moto, inayofika mpaka kwenye macho. Mke wangu amezoea kuniona nikikaa wima kitandani. Ananiuliza ninasikia nini, nami siku hizi ninajibu kweli tupu. Mikaratusi, ninamwambia. Yeye anakwenda jikoni kutazama, kwa sababu ananipenda, na anarudi kuniambia kwamba mbabula ni baridi na hakuna mtu aliyeweka majani.